Mikono Chini, Macho Mdomoni

Chaani, Jumapili, 23 Machi 1947

Mvua imeanza leo tukitoka kanisani. Naanza kuandika kwa sababu katika nyumba hii kila mtu hukumbuka anachopenda, na leo yamesemwa maneno ambayo nataka yakae mahali pamoja.

Mama mkwe wangu, Kaviha, alitujia toka Kaloleni juma lililopita. Leo baada ya chakula amemwambia mwanawe, mbele yangu, kwamba ulimi wa Sidi umefungwa. Yuko mzee Utange, aitwa Lewa, fundi wa kukata vilimi, vile vinyama vya kooni, na ndimi zilizofungwa huzifungua pia.

"Ni kiuzi tu hicho chini ya ulimi," akasema. "Kikikatwa, mtoto asema."

"Mama, Sidi alikuwa akisema. Wewe mwenyewe ulimsikia."

"Basi ulijifunga baadaye."

Utamjibu nini mtu kama huyu? Sidi ana miaka minane. Mwaka wa njaa, arubaini na tatu, alikuwa na minne aliposhikwa na homa, shingo ikakakamaa kama mpini. Alipona yeye, masikio yake hayakupona. Kabla ya hapo alikuwa na mdomo hata majirani wakimwita hakimu. Tangu hapo maneno yamemtoka moja moja kama vifungo vya shati ambalo hakuna anayelishikiza. Nimehesabu yaliyobaki: tisa. Mgeni hataelewa zaidi ya matano.

Mume wangu Chengo ni mtu wa winchi bandarini na hapendi kelele nyumbani. Alisikiliza pande zote mbili, akanawa mikono, akasema: "Masika haya yaishe. Shule ikimpokea, nitanyamaza. Isipompokea, ataondoka na mama."

Kuondoka na mama maana yake ni kisu cha Lewa, kisha Kaloleni, kisha kuteka maji ya watu mpaka azeeke. Lakini nimepewa muda, na muda najua kuutumia. Nimemshukuru Chengo. Ni mtu wa haki.


Jumatano, 26 Machi

Nimepanda shuleni kwa misheni. Mwalimu wa darasa la mwanzo ni Phineas, mtu wa Ukambani, mrefu, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Kiswahili chake cha bara, kila neno limesimama peke yake kama askari.

"Mama Sidi, mimi sikatai mtoto. Lakini darasa langu ni imla. Mimi nasema, mtoto anaandika. Mkaguzi akija anataka imla."

"Ataandika."

"Atasikia na nini?"

"Na macho. Atausoma mdomo wako."

Alishika sharubu zake. Zimeshuka zikafunika mdomo wote wa juu kama makuti ya paa la zamani. Nilitaka kumwambia, nikajizuia, maana naomba.

"Mlete tarehe kumi na sita mwezi wa sita," akasema. "Maneno ishirini. Akipata kumi na mawili, namwandika."

Watoto wenye masikio huandikwa kwa kuleta jembe na fagio. Wangu aletewa mtihani. Sawa. Mimi pia hakuna aliyenipokea. Kusoma nilijifunza darasa la jioni la kanisani, mtoto mgongoni, na cherehani hii niliinunua kwa mikono yangu mwenyewe kabla Chengo hajajua kama naitaka.


Jumatano, 2 Aprili

Njia yangu ni hii. Kila kitu ndani ya nyumba nimekibandika jina: mlango, mtungi, kiti, taa. Sidi hutazama kitu, hutazama jina, kisha hutazama mdomo wangu ukilisema. Asubuhi nampeleka dirishani, mwanga unipige mimi usoni, si yeye. Nasema, naye afanye mdomo kama wangu. Nikifungua, afungue. Nikifunga, afunge.

Kanuni ni mbili tu: mikono chini, macho mdomoni. Wakati wa somo aikalie mikono yake.

Hilo la mikono ni kwa sababu ya mama mkwe. Jana nimewakuta uani, yeye na Sidi, wamekaa kwenye kinu kilicholazwa. Mikono ya bibi inakwenda: mara pembe za mbuzi, mara mtu mlevi, mara mbuzi kamla mlevi kofia. Sidi anacheka mpaka ameshika tumbo, naye anajibu kwa mikono yake, haraka, sikuelewa hata kimoja.

"Mama, usimzoeshe mikono."

"Twazungumza tu, mkaza mwanangu."

"Akizoea mikono hatautaka mdomo. Shule haina mikono."

Amenitazama kama niliyemwambia asipumue. Lakini aliinyamazisha mikono yake, akaiweka mapajani.


Jumapili, 6 Aprili. Pasaka

Mvua kanisani mpaka padri hakusikika. Leo sote tulikuwa kama Sidi.


Jumatano, 9 Aprili

Kusoma anasoma. Nimebandua majina yote, nikayachanganya, akayarudisha kila moja mahali pake, hata "kizingiti". Kwa maandishi huyu mtoto ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi.

Kwa mdomo ndipo ananitia wazimu. Nilimwambia alete pesa zilizo juu ya kabati. Akaisukuma meza. Nikasema tena, polepole. Akaishika meza kwa mikono miwili, anavuta, jasho linamtoka, ananitazama kama vile mimi ndiye mjinga.

Mama mkwe akacheka mlangoni. "Leo kesho atakuletea nyumba nzima."


Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kaptula saba. Sidi amekosea "pata", ameandika "bata".


Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Choo cha jirani kimebomoka.


Ijumaa, 18 Aprili

Mvua.


Jumanne, 22 Aprili

Leo nilitaka Chengo aone kazi yetu. Alirudi mapema, meli haikufungua mizigo kwa sababu ya mvua. Nikamkalisha kitini, nikampa Sidi kibao na chaki. Nikasimama dirishani, nikasema, "Andika: baba."

Akaandika *mama*.

Nikafuta. Nikasema tena, mdomo nimeufungua mpaka taya limeniuma. *Mama*. Mara ya tatu, *mama*, na safari hii aliiandika kwa hasira, chaki ikavunjika.

Chengo alisema kwa sauti ndogo, "Hata mimi hanitaki kwenye kibao chake." Akatabasamu, lakini si tabasamu zuri.

Nikampiga Sidi kofi. Neno alijualo tangu akiwa mchanga, analikataa mbele ya babake! Alibaki ameikalia mikono yake, hakuinyanyua hata kufuta macho. Mama mkwe alimchukua akampeleka uani kwenye mvua, na sikumzuia.


Alhamisi, 24 Aprili

Nilikuwa napima shati la mtu wa reli, pini nimezibana midomoni. Sidi alikuwa mbele ya kioo cha wateja. Niliona anafanya mdomo wake, anatazama, anafanya tena, kisha akakipiga kioo kwa kiganja. Anarudia. Anakipiga.

Mteja alipoondoka nikatema pini, nikaenda nikasimama nyuma yake. Nikatazama mdomo wangu mwenyewe kiooni. Nikasema, "Mama." Nikasema, "Baba."

Ni kitu kimoja.

Midomo yafunga, yafungua, yafunga, yafungua. Hakuna duniani awezaye kujua kwa macho lipi ni lipi. Nikasema "pesa", nikasema "meza". Kitu kimoja. "Mimi" na "bibi", kitu kimoja. Ndiyo maana kila nikijipiga kifua niseme "mimi", mtoto alikuwa akigeuka kumtafuta nyanyake. "Pata", "bata", kitu kimoja. Nimekaa chini palepale kwenye vipande vya nguo.

Yeye aliandika alichokiona, na aliona sawasawa. Mimi nilimpiga kwa kuona sawasawa.

Nilimkumbatia akajikaza kama ubao. Sina la kumlaumu.


Alhamisi, 1 Mei

Tangu siku ile nimetafuta tofauti, na ipo. Ukisema "mama", pua yaunguruma; ukiweka kidole juu ya pua wausikia mtetemo. "Papa" hupuliza pumzi kiganjani. "Baba" hafanyi hiki wala kile. Kwa hiyo sasa nikisema M naweka kidole puani, nikisema P naweka kiganja mbele ya mdomo, B naiacha wazi. Hii si mikono ya uani. Ni alama ya mdomo tu. Nimejiambia hivyo.

Sidi ameelewa siku moja. Siku moja! Aliandika *baba* akakimbia uani na kibao kumwonyesha nyanyake, ambaye hajui kusoma, naye akakibusu kibao.

Jioni Mwalimu Phineas alipita kuchukua suruali yake. Nikamweleza yote, kwenye kioo.

Alirudia mwenyewe: "Mama. Baba. Papa." Akarudia tena, amesogea mpaka pumzi ikafunika kioo. "Miaka sita nasomesha imla," akasema, "sijawahi kujitazama."

"Basi siku ya mtihani utamwekea kidole puani?"

"Mbele ya darasa? Watasema mwalimu ana mafua."

"Waseme."

Akafikiri. "Nitaweka."

"Kuna la pili, mwalimu, na usinikasirikie. Sharubu. Mtoto haoni mdomo wako. Anaona kichaka."

Alikunja suruali yake akaondoka na mvua. Nikajua nimeharibu.


Ijumaa, 9 Mei

Mtu alibisha hodi, nikafungua, sikumjua. Mdomo wa juu mweupe, umevimba kidogo, una mkato wa wembe.

"Nani kakunyoa hivyo, mwalimu?"

"Mtoto wako," akasema. "Namletea maneno. Tuanze."

Mama mkwe alitoka jikoni kumtazama, akarudi ndani, tukamsikia anacheka peke yake mpaka akakohoa. Phineas alisikia, akaendelea: "Mti. Pete. Mbuzi." Huyu mtu nilimdharau kwa pasi ya shati lake.


Jumanne, 13 Mei

Kumi na nne kati ya ishirini. Na mdomo ni wa Phineas, si wangu. Bado mwezi mzima.

Nimemwambia Chengo. Amesema, "Vizuri," akaendelea kufunga kamba za viatu.


Jumatatu, 19 Mei

Naandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilivuka kwenda Kilindini kupeleka kaptula za makarani. Sidi nilimwacha na nyanyake. Chengo alisema ana zamu ya mchana. Nilirudi saa tisa, nyumba imefungwa, jirani akasema, "Wameondoka kwa baiskeli, wawili wamepakiwa, tukacheka kuwaona." Nani anaendesha? "Baba Sidi, nani mwingine?"

Nilijua. Nilikaa mlangoni na kikapu kitupu, najua, na sikuwa na la kufanya, maana Utange ni ng'ambo ya pili ya kisiwa na walikuwa wameshafika.

Walirudi magharibi ikikaribia. Chengo anasukuma baiskeli. Mama mkwe amembeba Sidi mgongoni, mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia. Kitambaa mdomoni. Kitambaa hicho nilikikata mimi, ni kipande cha kanzu ya mtu.

Sikumwuliza Chengo kitu. Nilimwuliza mama yake. Na yeye, namshukuru kwa hili moja, hakunidanganya.

"Amekata kilimi na chini ya ulimi," akasema. "Damu haikutaka kukoma, ndiyo tumechelewa."

"Mlimfunga kamba? Nani alimshika?"

"Hakushikwa."

"Usinichezee, mama. Mtoto wa miaka minane akione kisu asishikwe?"

"Kisu hakukiona." Kanga yake ilikuwa imeshikana na damu mgongoni. "Mzee Lewa alimkalisha kigodani, dirishani, mwanga umpate. Akakaa mbele yake. Akafungua kinywa chake yeye, hivi. Na Sidi akakitazama kinywa cha mzee, akafungua chake. Hivyohivyo. Mzee akapanua, naye akapanua. Mzee akatoa ulimi, naye akatoa ulimi. Mzee akasema hajapata kuona mtoto mtulivu namna hii, nani kamfunza."

Nikasema, "Mikono. Mikono yake ilikuwa wapi?"

Alifungua fundo la kanga, akalifunga tena.

"Mama, mikono yake ilikuwa wapi?"

"Aliikalia," akasema. "Hakuna aliyemwambia. Alikaa kigodani, akaitia mikono chini ya mapaja mwenyewe."

Chengo alikuwa amesimama nje na baiskeli, hajaitegemeza popote. Nilimwita. "Ulinipa masika yote."

"Mtu wa winchi mwenzangu, mwanawe alikatwa, sasa anasema," akajibu. "Nilisema akifika shuleni huku anasema, si bora? Nilitaka kukusaidia, Kafedha."

"Mwana wa mwenzako anasikia?"

Akatazama gurudumu.


Jumanne, 20 Mei

Homa. Shingo nimeigusa kila mara. Haijakakamaa.


Jumatano, 21 Mei

Dresa wa zahanati amempa vidonge vyeupe na maji ya chumvi ya kusukutua. Alitazama mle kinywani akasema neno la Kiingereza. Nilitaka anifasirie, akakataa.

Ili atazame, ilibidi watu wawili wamshike.

Niliporudi nikamwambia mama mkwe afunge mzigo wake. Alikuwa amepika uji mwepesi, anampa Sidi kwa kijiko kidogo, tone kwa tone, akimfundisha kwa mikono ainamishe kichwa upande usiouma. Nikasema, "Leo, mama. Si kesho."

"Mtoto hajapona."

"Aliumizwa na nani?"

Alifunga mzigo. Mlangoni alimgeukia Sidi, akainyanyua mikono yake miwili, akasema kitu kirefu. Sidi akamjibu, kifupi. Sikuelewa walichoagana, na hakuna aliyenifasiria.


Jumapili, 25 Mei

Homa imeshuka. Sikwenda kanisani. Chengo amelala bandarini siku tatu, asema kazi ni nyingi.


Jumanne, 27 Mei

Sidi ameinuka. Asubuhi nimemkuta uani kwenye kinu, mvua ya rasharasha, mikono yake inakwenda. Pembe za mbuzi. Mlevi. Kofia. Anafanya, anasubiri, anatazama nafasi iliyo kando yake, anafanya tena.

Nikakaa ile nafasi. Nikajaribu: nikafanya pembe. Alinitazama vidole, akavishika, akavirekebisha kama mwalimu aliyechoka. Nikafanya tena. Nilikosea tena, maana alitikisa kichwa, akashuka kinuni, akaingia ndani.

Katika nyumba hii alikuwapo mtu mmoja aliyeweza kuzungumza na mwanangu, na mimi nimempandisha basi la Kaloleni.


Jumatatu, 2 Juni

Kidonda kinafunga. Nimemleta dirishani kama zamani, mwanga usoni mwangu. Nikafungua mdomo niseme "taa", neno jepesi. Aligeuza uso ukutani. Nikauzunguka ukuta. Akafumba macho.

Yale maneno tisa hayasemi. Hata "maji" haombi. Anakwenda mtungini mwenyewe.

Mikono yake haikalii tena. Ameishika mbele ya kinywa, yote miwili.


Alhamisi, 5 Juni

Phineas alikuja. Nilimwambia. Aliketi na kofia yake magotini, kisha akasema, "Kwetu pia wanakata." Basi. Akaacha kipande kizima cha chaki juu ya cherehani.


Jumatatu, 9 Juni

Mvua inapungua. Hatazami.


Ijumaa, 13 Juni

Hatazami.


Jumatatu, 16 Juni

Nilimpeleka. Chengo alisema, "Ya nini?" nikampita mlangoni.

Darasa lilikuwa tupu, watoto wako shambani. Phineas amejinyoa upya. Alimkalisha Sidi dawati la mbele, akasimama karibu, mwanga usoni mwake, kidole tayari puani, mtu mzima mwenye heshima zake.

"Mti," akasema.

Sidi alitazama chaki.

"Pete."

Alitazama chaki.

Alisema yote ishirini. Hakuruka hata moja, hakuharakisha, na kila penye M aliweka kidole puani. Sidi hakuinua macho juu ya kifungo cha pili cha shati lake. Kibao kilibaki cheusi.

"Sifuri," nikasema, maana yeye hakutaka kulisema.

Akageuka, akaandika ubaoni, ametupa mgongo kama afanyavyo siku zote: *Simama.*

Sidi akasimama.

Phineas hakugeuka. Mkono wake ulitulia kidogo, kisha akaandika: *Fungua dirisha.* Akafungua dirisha. *Leta fagio.* Akaleta fagio. *Andika jina lako.* Akaenda ubaoni, akaandika *Sidi Chengo*, herufi zimenyooka kuliko za mwalimu.

Nilikuwa nimeshika dawati. "Umeona? Anasoma! Kuna nani darasani kwako asomaye hivyo?"

"Hakuna," akasema.

"Basi mwandike."

"Mama Sidi, hii si imla." Alikuwa anafuta ubao, na aliufuta muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. "Mkaguzi atauliza alama za imla za kila jina. Nikiandika kumi na mbili, nimedanganya. Nikiandika sifuri, watamtoa, na mimi nitaulizwa nilimpokeaje."

"Mwezi wa tano alipata kumi na nne! Kwa mdomo wako huohuo!"

"Najua. Nilikuwepo."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea yote. Nilipomaliza akasema, "Liko dawati la nyuma, dirishani. Akija kila siku, sitamfukuza. Lakini daftarini hayumo."

"Mkaguzi akija?"

"Siku hiyo abaki nyumbani."


Jumanne, 1 Julai

Anakwenda. Daftarini watoto arubaini na mmoja, darasani vichwa arubaini na viwili. Mimi hesabu ya namna hiyo kwenye kazi yangu huiita wizi, na sijui hapa aliyeibiwa ni nani kama si mwanangu. Jina lake halisomwi asubuhi. Uji wa saa nne hugawiwa kwa daftari, kwa hiyo namfungia muhogo.

Nimemwambia Chengo, shule imempokea. Sikumweleza namna. Alisema atanyamaza, na hilo analifanya vizuri: siku hizi tunakaa meza moja naye kama wasafiri wa basi.

Nimemwandikia mama mkwe barua Kaloleni, mtu wa kanisa amsomee. Nimeomba arudi. Hakuna jibu.


Jumanne, 8 Julai

Phineas siku hizi huandika ubaoni zaidi ya anavyosema, wenzake wamcheka ati anamaliza chaki ya misheni. Leo Sidi amerudi na kibao kimejaa: *Kwa nini mtoto analia? Kwa sababu ana njaa. Kwa nini njia ni mbovu? Kwa sababu ya mvua.* Hadi leo maneno yake yote yalikuwa majina ya vitu.


Jumamosi, 12 Julai

Masika yamekwisha. Nimetoa nguo zote nje, ukungu umeingia hadi kwenye kanzu za harusi. Nilikuwa napiga pasi mlangoni Sidi aliponijia na kibao, akakiweka juu ya kanzu, mbele ya pasi ya moto, nikalazimika kuinyanyua.

Alikuwa ameandika: *kwa nini mimi fungua mdomo*

Nilisoma. Nikamtazama, nikavuta pumzi nimjibu, na midomo yangu ikaanza kufunguka yenyewe, kama ilivyozoea.

Akaninyooshea mkono akanifunga mdomo kwa kiganja. Hakunipiga. Aliufunga kama mtu afungavyo sanduku. Kisha akanipa chaki.

Pasi iliponizimikia bado nilikuwa nimesimama. Mwisho nikaandika: *Kwa sababu mimi nilikufunza.*

Alisoma, kidole chake kikipita chini ya kila neno mpaka la mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

Akalifuta jibu langu kwa kiganja. Akanirudishia chaki.